Thomas Mann wa 1914 na Thomas Mann wa 1940

Msomaji anauliza: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi. Kitabu kimoja kinasema Thomas Mann, mwandishi wa riwaya wa Ujerumani, ndiye aliyekuwa sauti kubwa ya Wajerumani waliompinga Hitler. Kingine kinasema aliandika kurasa mia kadhaa kuitetea vita ya Kaisari wa Ujerumani na kuibeza demokrasia. Yupi ndiye Mann wa kweli? Na mtu asiyewahi kumsoma aanze na kitabu gani?"

Marahaba, mwanangu. Vitabu vyako vyote viwili havijakudanganya. Kinachokosekana ni kiungo cha kati, na hicho ndicho nitakachokuandikia. Kila mwaka napata wanafunzi wanaomgawa Mann mafungu mawili, bovu hadi 1922 na zuri baada ya hapo, kana kwamba siku moja alienda kwenye mkutano wa injili akaokoka. Mimi namwona mtu mmoja tu, aliyeutambua ugonjwa wa wenzake kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuuugua. Tena namwona mtunzi wa riwaya aliyemtangulia mwandishi wa insha hatua kadhaa, ingawa wote wawili walikaa kwenye kiti kimoja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, wakitoa ukurasa mmoja au mmoja na nusu kwa siku.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1875 huko Lübeck, mji wa wafanyabiashara kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake aliuza nafaka na alikuwa seneta wa mji. Mama yake, Julia, alizaliwa Brazil kwa baba Mjerumani mwenye mashamba na mama Mbrazili wa asili ya Kireno, akaletwa Lübeck akiwa mtoto mdogo. Baba alifariki mwaka 1891, na wosia wake ukaagiza kampuni ivunjwe. Kampuni hiyo ilikuwa imesherehekea miaka mia moja mwaka mmoja tu kabla. Thomas alikuwa na miaka kumi na sita, shuleni anarudia madarasa, na kila mtu mjini aliona kwamba mtoto huyu si wa kukaa kaunta.

Miaka kumi baadaye aligeuza anguko hilo kuwa riwaya, *Buddenbrooks*. Aliianza Roma akiwa na kaka yake Heinrich, naye pia mwandishi, akaimalizia Munich mwaka 1900. Mswada ulikuwa nakala moja pekee, umeandikwa kwa mkono pande zote mbili za karatasi. Alipoufunga kifurushi kwa nta ya muhuri aliunguza mkono, na posta alipokatia bima ya maki 1,000, karani wa dirishani akatabasamu. Mchapishaji, Samuel Fischer wa Berlin, akajibu kuwa kitabu ni kizuri ila akipunguze hadi nusu. Mann wakati huo alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi, mwanajeshi wa mwaka mmoja mwenye miguu isiyofaa gwaride. Kutoka kitandani aliandika barua ndefu kusema urefu ndio uhai wa kitabu chenyewe. Fischer akakubali. Kilitoka 1901 kwa juzuu mbili za bei kali, nakala 1,000, na kikasuasua. Kilipotolewa kwa juzuu moja mwaka 1903 ndipo kikaanza kununuliwa kama mkate. Lübeck watu walizungushiana orodha za siri zinazoonyesha mhusika fulani ndiye jirani yupi.

Hebu soma tukio moja humo. Familia ina daftari la kumbukumbu ambamo vizazi vyote vimeandikwa. Hanno, mtoto wa mwisho wa ukoo, mnyonge anayependa muziki tu, analikuta limefunguliwa mezani. Anafuata majina kwa jicho hadi lake, kisha anachukua rula na kalamu, anapiga mistari miwili nadhifu chini ya ukurasa mzima, kama anavyofanya mhasibu anapofunga hesabu. Baba anauona, anamwuliza kwa hasira kimemsibu nini. Mtoto anagugumia: nilidhani hakuna kinachofuata tena. Mwandishi alikuwa hajafika miaka ishirini na sita. Hakuna mahubiri, hakuna maelezo, ni rula na wino tu. Ukitaka kujua kwa nini Kamati ya Nobel mwaka 1929 ilimtunuku kwa kukitaja hasa kitabu hicho, anzia kwenye mistari hiyo miwili.

Baada ya hapo mambo yalimnyookea. Mwaka 1905 alimwoa Katia Pringsheim, binti wa profesa wa hisabati wa Munich, familia tajiri yenye asili ya Kiyahudi, wakazaa watoto sita. Mwaka 1912 ikatoka *Kifo Venice*, hadithi yake kuhusu mwandishi mzee anayekufa katika mji huo wa Italia. Akawa bwana mkubwa wa fasihi, mwenye nyumba, mbwa na masharubu yaliyopambwa.

Halafu ikaja 1914, na hapa ndipo kitabu chako cha pili kinapopata haki.

Insha yake ya kwanza ya vita ilichapishwa Novemba 1914, mwezi uleule mizinga ilipokuwa ikiunguruma Tanga. Hoja yake sisi Waswahili tunaielewa upesi kuliko Waingereza, kwa sababu lugha yetu ina maneno mawili pale wao wanapobabaika: utamaduni na ustaarabu. Kwa Mann wa wakati huo, Ujerumani ilikuwa na utamaduni, yaani muziki, undani wa moyo, kukikubali kifo. Ufaransa ilikuwa na ustaarabu, yaani akili, siasa, kura na maneno matamu. Vita vilikuwa vya utamaduni dhidi ya ustaarabu, na yeye alisimama upande wa utamaduni. Ukiisoma leo unaona aibu kwa niaba yake.

Heinrich alikuwa upande wa pili kabisa. Mwaka 1915 alichapisha insha juu ya Émile Zola, Mfaransa aliyewakabili wakubwa wa nchi yake kwa ajili ya ofisa wa jeshi aliyehukumiwa kwa uonevu. Kila msomaji aliyekuwa macho alijua ni Ujerumani inayosemwa. Mwanzoni kabisa mwa insha hiyo kuna sentensi moja kwamba ni kawaida ya wale wanaokauka mapema kujitokeza wakiwa wamejiamini na kuiva tangu mwanzo wa miaka yao ya ishirini. Thomas, aliyeng'aa kwa riwaya kubwa katika umri huo, aliisoma akajua amechomwa yeye. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Huyu alichukua kalamu: kwa zaidi ya miaka miwili aliiweka riwaya kando akaandika *Tafakuri za Mtu Asiye wa Siasa*, zaidi ya kurasa 600 za kujitetea, kulalamika na kumshambulia "mwanafasihi wa ustaarabu", ambaye hatajwi jina hata mara moja ingawa anakula naye Krismasi tangu utotoni. Kitabu kilitoka Oktoba 1918. Wiki chache baadaye vita ikaisha, Kaisari akakimbilia Uholanzi, na hoja zote zikabaki kama duka lililofunguliwa siku soko linahamishwa.

Mwanafunzi mwingi huishia hapo. Lakini angalia ni riwaya gani aliyoiweka kando.

Mwaka 1912 Katia alilazwa katika sanatoria (hospitali ya wagonjwa wa mapafu) ya Davos, milimani Uswisi, kwa tatizo la mapafu. Mumewe alimtembelea wiki tatu. Daktari akamgonga kifuani, akasema naye ana doa, bora akae miezi sita. Mann akashuka mlima haraka, akaamua badala ya kuugua ataandika. Ilikusudiwa iwe hadithi fupi ya kuchekesha. Vita vikaikatiza, na alipoirudia ilivimba hadi ikatoka 1924 kwa juzuu mbili, zaidi ya kurasa elfu: *Mlima wa Ajabu*. Kijana Hans Castorp anakwenda kumsalimia binamu yake sanatoria kwa wiki tatu, anakaa miaka saba.

Humo kuna Mwitaliano aitwaye Settembrini. Ni mwanafasihi, anapenda maendeleo, akili na haki za watu, anazungumza bila kituo. Ndiye yule yule "mwanafasihi wa ustaarabu" aliyetukanwa kurasa 600. Ila safari hii ni maskini mwenye suruali moja ya mirabaraba aliyoivaa mpaka imechakaa, ni mgonjwa kweli, na anamjali kijana. Castorp akiwa amelala gizani na homa yake, Settembrini anaingia na kitu cha kwanza anachofanya ni kuwasha taa. Ishara haina mafumbo, lakini inafanya kazi kwa sababu tumeshampenda mwashaji. Anayebishana naye, Naphta, Mjesuti (mtawa wa shirika la Kikatoliki) mwenye akili kali kama wembe, anatetea utii, mateso na ugaidi mtakatifu, na karibu kila mjadala anaushinda. Castorp anamwambia Settembrini moyoni mwake: wewe ni mpiga debe, lakini nia yako ni njema, na nakupenda wewe kuliko huyo mkali. Mwandishi wa insha hakuwahi kuandika sentensi ya aina hiyo kumhusu kaka yake. Mtunzi wa riwaya aliiandika.

Na maisha yalikuwa yanakwenda sambamba. Januari 1922 Heinrich aliugua mahututi. Thomas akampelekea maua hospitali, wakapatana. Juni mwaka huo wauaji wa mrengo wa kulia walimpiga risasi Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, Myahudi. Oktoba Mann alisimama katika ukumbi wa Beethoven, Berlin, akaitetea Jamhuri iliyochukua nafasi ya Kaisari, mbele ya wanafunzi waliokuja kumsikiliza yule mzalendo wa 1918. Walikwaruza miguu sakafuni kwa kukereka. Alimaliza kwa "Idumu Jamhuri!" Wahafidhina wakasema amekula matapishi yake. Yeye akadai hajabadilika. Kwangu mimi wote walikuwa na haki kiasi: mawazo yalibadilika, lakini kilichokuwa kikimhangaisha, yaani jinsi mvuto wa kifo na giza unavyoweza kumnasa mtu mwenye akili timamu, kilibaki kilekile.

Miaka minane baadaye, Oktoba 1930, alirudi ukumbi uleule. Mwezi uliotangulia Wanazi walikuwa wameruka kutoka viti 12 hadi 107 bungeni. Akawaambia watu wa tabaka lake, wenye mali na vyeti, kwamba mahali pao sasa ni pamoja na chama cha wafanyakazi cha Social Democrats. Vijana wa Kinazi waliovaa suti za sherehe ili wasitambulike wakaanza kuzomea. Alisoma hadi mwisho, kisha rafiki yake Bruno Walter, kondakta wa okestra aliyezijua njia zote za jengo, akampitisha mlango wa nyuma.

Februari 1933, siku kumi na mbili baada ya Hitler kuwa kansela, alisafiri na Katia kwenda kutoa mhadhara juu ya Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, huko Amsterdam, Brussels na Paris, kisha wakapumzike Arosa, Uswisi. Watoto wao wakubwa, Erika na Klaus, wakapiga simu kutoka Munich: hali ya hewa huku mbaya sana. Baba akajibu hata Arosa si nzuri. Wakasema nyumba inafanyiwa usafi mkubwa, hamtapata pa kukaa. Bado hakuelewa. Mwisho ikabidi waseme wazi: msirudi. Aliondoka na mzigo wa safari ya wiki chache, na hakuikanyaga tena Ujerumani kwa miaka kumi na sita.

Lazima nikuambie pia sehemu isiyopendeza, maana vitabu vya kumsifu huiruka. Kwa miaka mitatu alinyamaza. Vitabu vyake vilikuwa bado vinauzwa Ujerumani. Juzuu ya kwanza ya riwaya yake ya Yusufu, yule wa Mwanzo na Misri, ilitoka Berlin mwaka huohuo 1933. Klaus alipoanzisha jarida la wakimbizi Amsterdam na kumtaja baba miongoni mwa waandishi wake, baba alijitenga nalo hadharani ili vitabu visipigwe marufuku. Januari 1936 Erika alimwandikia barua ya kumtisha kwamba uhusiano wao uko hatarini. Februari 3, 1936, akachapisha barua ya wazi katika gazeti la Uswisi, *Neue Zürcher Zeitung*: yuko na wakimbizi. Desemba akavuliwa uraia, ingawa mwezi mmoja kabla alikuwa ameshapata wa Chekoslovakia. Chuo Kikuu cha Bonn kikamnyang'anya shahada ya heshima, na jibu lake likasambazwa Ujerumani kwa siri.

Alihamia Marekani 1938, kwanza Princeton, kisha California. Kuanzia Oktoba 1940 BBC ilirusha hotuba zake kwa Wajerumani, karibu kila mwezi. Mwanzoni zilisomwa na mtangazaji London. Mwaka 1941 aliomba sauti iwe yake: akawa anarekodi kwenye sahani Los Angeles, sahani inapelekwa New York kwa ndege, inapigwa kwa simu hadi London, inarekodiwa tena, ndipo inarushwa. Ujerumani kusikiliza redio ya adui kulikuwa kosa la kufungwa, hata kunyongwa. Mwaka 1942 alishawaambia kwamba Wayahudi wanauawa kwa gesi. Na Machi mwaka huo ndege za Uingereza zilipoichoma Lübeck, pamoja na nyumba ya bibi na babu yake iliyoko ndani ya *Buddenbrooks*, alisema redioni kuwa inamuuma, lakini anaikumbuka Coventry, mji wa Uingereza ulioteketezwa na ndege za Wajerumani, na hana la kupinga fundisho kwamba kila kitu lazima kilipwe. Alikuwa anazungumzia mtaa aliouchezea.

Sasa kile kiungo. Mwaka 1939 alichapisha insha fupi inayomwita Hitler ndugu. Hakukusudia sifa. Alimwona msanii aliyeshindwa, mvivu, mwenye kinyongo, anayejiona amechaguliwa, akakiri kwamba sura hiyo anaijua kwa sababu ameiona karibu na nyumbani. Na tarehe 29 Mei 1945, wiki tatu baada ya Ujerumani kusalimu amri, alisema Washington, katika Maktaba ya Bunge, kwamba hakuna Ujerumani mbili, moja mbaya na moja nzuri. Ipo moja, na kilicho bora ndani yake kiligeuka uovu kwa hila ya shetani. Alisema yeye mwenyewe amepitia hayo yote. Huyo ndiye mwandishi wa 1914 akitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Riwaya ya *Doktor Faustus* ya 1947, mtunzi wa muziki anayeuza roho, imejengwa juu ya wazo hilo.

Nyumbani hawakumpenda kwa hilo. Walipomwomba arudi, alijibu kwamba vitabu vilivyochapwa Ujerumani kati ya 1933 na 1945 vinanuka damu na aibu. Walioishi humo miaka yote hiyo hawakumsamehe. Marekani nayo ikaanza kumwona mkomunisti. Akahamia Uswisi 1952, akafariki Zürich tarehe 12 Agosti 1955.

Kuna kitu kimoja zaidi. Shajara zake nyingi za zamani alizichoma California mwaka 1945. Zilizobaki alizifunga na kuagiza zisifunguliwe hadi ipite miaka ishirini baada ya kifo chake. Zilipofunguliwa 1975 zilionyesha kwamba maisha yake yote alivutiwa na wanaume, ndani ya ndoa iliyodumu miaka hamsini. Basi nidhamu ile, suti ile, saa tatu kamili mezani, si madaha matupu. Soma tena hadithi ya Venice ukilijua hilo.

Uanze wapi? Usianze na *Mlima wa Ajabu*. Mwenyewe aliwaambia wanafunzi wa Princeton wausome mara mbili, na hiyo ni kazi ya likizo nzima. Kama unasoma kwa Kiingereza, tafsiri za Lowe-Porter ndizo za zamani na zimejaa maktaba. Za John E. Woods, za kuanzia miaka ya 1990, zinasomeka kwa wepesi zaidi. Anza na *Tonio Kröger*, kurasa chache kuhusu kijana wa baba wa kaskazini na mama wa kusini asiyejua akae wapi. Kisha *Buddenbrooks*.

Lakini kwa swali lako hili hasa, tenga jioni moja kwa *Mario na Mchawi*, ya 1930. Familia ya Kijerumani iko likizo pwani ya Italia ya Mussolini, inakwenda kumtazama mfanya mazingaombwe, mwenye kibiongo na mjeledi, anayewachezesha watazamaji dansi bila hiari yao. Bwana mmoja kutoka Roma anagoma. Anasimama imara, watu wote wanamshangilia kimoyomoyo, na mwisho anacheza kama wengine. Msimulizi anatoa sababu: bwana yule alijua tu asichotaka kufanya. Hakuwa na kitu anachokitaka, na kukataa kutupu hakumshikilii mtu muda mrefu. Ukifika hapo, kumbuka kile kitabu cha kurasa 600 kinajiita cha mtu asiye wa nini, kisha uniandikie ni nani hasa yule bwana wa Roma.